Ucheke au Ulie? Kicheko na Machozi Ubavu kwa Ubavu

Mtu akikwambia uchague kimoja kati ya kicheko na machozi, hutasita: utachukua kicheko. Anayecheka huonekana mzima. Anayelia huonekana amefikwa na jambo, na walio karibu naye huanza mara moja kutafuta namna ya kumnyamazisha. Tangu zamani watu wamepangwa hivyo. Wagiriki walikuwa na Democritus, mwanafalsafa aliyesifika kwa kuicheka dunia, na Heraclitus, aliyesifika kwa kuililia, na wachoraji wa Ulaya wakaja kuwachora pamoja kwa karne nyingi, kana kwamba kila mmoja wetu lazima asimame upande mmoja.

Naona uchaguzi huo umewekwa vibaya. Kicheko na kilio vina kazi tofauti, na madhara mengi hutokea pale kimoja kinapopewa kazi ya mwenzake: mtu anacheka alipotakiwa kulia, au analilia peke yake kwa miaka jambo ambalo lingekuwa jepesi kama angelicheka pamoja na wenzake. Kwa hiyo nitaviweka ubavu kwa ubavu, ujue kipi ukiite lini na kipi ukiache kije chenyewe.

Mwilini

Kicheko ni pumzi iliyokatwakatwa. Robert Provine, mwanasaikolojia wa Marekani aliyekichunguza kwa miaka mingi, alipima sauti za vicheko akakuta kila "ha" huchukua takriban sehemu 75 za elfu za sekunde, na kutoka "ha" moja hadi inayofuata ni kama sehemu 210 za elfu. Mpigo huo haubadiliki sana kati ya mtu na mtu, ndiyo maana kicheko cha mtu usiyejua hata neno moja la lugha yake unakitambua papo hapo. Misuli ya tumbo husukuma hewa nje mfululizo, viungo hulegea (mwambie mtu aliyeshikwa na kicheko anyanyue kitu kizito, ataishia kukaa chini), na ubongo hutoa endofini, kemikali za mwili zinazopunguza maumivu. Mwaka 2011 Robin Dunbar wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake walionyesha kwamba watu waliotoka kucheka pamoja huvumilia maumivu kuliko waliotazama kitu kisichochekesha. Mwaka 2017 watafiti wa mji wa Turku, Ufini, wakaiona kazi ya endofini hizo kwenye picha za ubongo wenyewe.

Kilio kinauchosha mwili zaidi. Moyo hupiga mbio, koo hukabwa na donge. Donge hilo ni la kweli: mwili ukiwa kwenye dhiki hulipanua koo ili hewa iingie kwa wingi, na kumeza mate kunataka koo lifunge, basi misuli inavutana. Machozi hutoka kwenye tezi iliyo juu ya jicho, upande wa nje, na sehemu yake huteremka kwa mfereji mwembamba mpaka puani, ndiyo sababu anayelia hupenga kamasi. Kilele kikishapita, kwikwi huachana, pumzi huwa ndefu, na mwili hutulia.

Jicho lina machozi ya aina tatu: yanayolilowesha muda wote, yanayotoka kwa sababu ya kitunguu au moshi, na yanayotoka kwa sababu ya hisia. Hayo ya tatu, kwa kadiri inavyojulikana, ni ya binadamu peke yake. Sokwe akitekenywa hucheka. Panya naye, kama mtafiti wa ubongo Jaak Panksepp alivyogundua, hutoa milio myembamba isiyofika masikioni mwetu anapochezewa. Watoto wa wanyama wengi hulia kwa sauti wakitenganishwa na mama zao. Ila kutokwa na machozi kwa huzuni ni kwetu tu. Kicheko tunashirikiana na viumbe wengine, machozi ni yetu, na bado ndiyo tunayoyafuta haraka kwa mgongo wa mkono ili asione mtu.

Nafuu inakuja lini

Hapa tofauti ni kubwa, na kwa anayetaka kuchagua ndipo pa kuanzia. Kicheko hulipa taslimu, kilio hulipa baadaye. Ukicheka, unafuu uko pale pale. Ukilia, kwanza unazidi kuumia.

Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Tilburg, Uholanzi, akiwemo Ad Vingerhoets ambaye amefanya machozi kuwa kazi ya maisha yake, walilipima jambo hili mwaka 2015. Waliwaonyesha watu filamu za kuhuzunisha, wakafuatilia hali ya moyo ya waliolia na ya wasiolia. Mara baada ya filamu, waliolia walikuwa wameshuka. Dakika 20 baadaye walikuwa wamerudi walipokuwa mwanzo. Ilipofika dakika 90 walijisikia vizuri kuliko walivyokuwa kabla ya filamu kuanza. Wasiolia hawakubadilika.

Kwa hiyo kama una dakika 10 kabla ya kuingia kwenye usaili, usiifungue mifereji. Tafuta mtu wa kukuchekesha, na kilio ukiache mpaka jioni. Lakini kama una usiku mzima na kitu kimekukaa kifuani tangu wiki iliyopita, usikikimbie kwa kutazama vichekesho mpaka saa nane. Kitakusubiri asubuhi.

Niongeze tahadhari, maana watu husema "lia tu, utapona" kana kwamba ni dawa isiyokosea. Haiko hivyo. Vingerhoets na wenzake, Jonathan Rottenberg na Lauren Bylsma, walikusanya maelezo ya watu kuhusu vilio zaidi ya 3,000. Wengi walisema walipata nafuu. Theluthi moja hivi hawakuona tofauti, na mmoja kati ya kumi alijisikia vibaya zaidi. Waliopata nafuu mara nyingi walikuwa na mtu wa kuwaliwaza. Waliolia kwa aibu, wakijilaumu kwa kulia kwenyewe, hawakupata kitu. Chozi linafanya kazi likipata mtu wa kulipokea.

Uko na nani

Hili ndilo jambo ninalotamani watu walishike, kwa sababu linaamua mengi kuliko kicheko au kilio chenyewe.

Kicheko ni kitu cha watu. Provine alikuta kwamba tukiwa na wenzetu tunacheka mara 30 zaidi ya tukiwa peke yetu. Aliwasikiliza watu wakizungumza madukani na mitaani, akagundua kwamba sehemu kubwa ya vicheko haikufuata utani wowote. Watu walicheka baada ya maneno kama "haya, tutaonana baadaye", na msemaji mwenyewe alicheka kuliko msikilizaji. Tunacheka ili kumwambia mwenzetu kwamba tuko naye. Ndiyo maana kicheko kinaambukiza, na ndiyo maana unaweza kukianzisha kwa makusudi. Mwaka 1995 daktari Madan Kataria aliwakusanya watu wachache bustanini huko Mumbai wakaanza kucheka pamoja. Vichekesho vilipowaishia wakaendelea kucheka bila sababu, na kile cha kujilazimisha kikageuka cha kweli. Klabu za namna hiyo leo zipo katika nchi nyingi. Kilio huwezi kukifanyia hivyo, wala sishauri mtu ajaribu.

Ila huo ukaribu una upande wake wa giza. Kicheko kinachowafunga waliomo ndani ya duara ndicho hicho hicho kinachomkata aliye nje. Mtoto aliyechekwa na darasa zima hasahau, hata akizeeka. Kabla hujasifu kicheko cha mahali fulani, angalia kama yupo ambaye hacheki.

Machozi yanataka watu wachache, na waliochaguliwa. Angalia mtoto mchanga. Analia tangu siku anayozaliwa, lakini machozi yanayoonekana huchukua wiki kadhaa kutokea, na kicheko cha sauti kinakuja kwenye mwezi wa tatu au wa nne. Kabla hajajua kufurahi nasi, tayari anajua kutuita. Mtu mzima hufanya hivyohivyo, tofauti ni kwamba kilio cha mtoto kinasikika nyumba ya pili, na chozi la mtu mzima linasomwa na aliye mbele yake tu. Linasema: nimeshindwa, nisaidie, sina silaha.

Na aliye mbele huisikia kauli hiyo hata bila kujua. Mwaka 2023 kikundi cha Noam Sobel wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, kiliwanusisha wanaume machozi ya wanawake, ambayo hayana harufu yoyote, kisha kikawachezesha mchezo wa kuwachokoza. Kisasi chao kilipungua kwa takriban asilimia 44 kulinganisha na walionusishwa maji ya chumvi.

Hilo linatoa jibu kwa wapenzi na ndugu waliogombana. Katikati ya ugomvi, anayecheka kwanza anacheza na moto, kwa sababu mwenzake atakisoma kicheko hicho kama dharau hata kama kimetoka kwa woga. Machozi hushusha hasira. Lakini machozi yanayotolewa kila mara ili kufunga mjadala huisha nguvu, na siku mtu atakapolia kwa kuumia kweli hataaminiwa. Ugomvi ukishapoa, hapo ndipo kicheko kinapata nafasi yake: wawili wakianza kuyacheka waliyotamkiana, wamepatana, hata kama hakuna aliyesema samahani.

Kimoja kikifanya kazi ya mwenzake

Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache baada ya uhuru wa Tanganyika, wasichana watatu wa shule ya bweni ya Kashasha, karibu na Bukoba, walishikwa na kicheko ambacho hawakuweza kukizuia. Kikaenea. Kati ya wanafunzi 159, walioshikwa walifika 95, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Wasichana waliporudi makwao, hali hiyo ikazuka vijijini na katika shule nyingine. Siku hizi kisa hiki husimuliwa kama kichekesho. Wanaokisimulia hivyo huacha jambo moja: walioshikwa walikuwa wakicheka na kulia pia, kwa vipindi vya dakika au saa, wengine kwa siku nyingi, huku wakihangaika na kuogopa. Madaktari waliowapima hawakukuta sumu wala kijidudu. Maelezo yanayokubalika zaidi ni msongo wa watoto waliobanwa, waliopata mlango mmoja tu wa kutokea. Kicheko kile hakikuwa na furaha hata chembe.

Kwa udogo wake, hilo hutokea kila siku. Yupo anayesimulia jinsi alivyofukuzwa kazi huku akicheka kila baada ya sentensi. Midomo imefunguka, macho hayamo. Katika karne ya 19 Mfaransa Guillaume Duchenne alieleza tofauti hiyo: tabasamu la kweli hukaza msuli unaozunguka jicho, na msuli huo watu wengi hawawezi kuuamrisha. Ukitaka kujua kama mwenzako anacheka au anajificha, tazama pembe za macho yake.

Wanaume ndio wanaoumia zaidi na jambo hili, na linanikera. Watoto wa kiume na wa kike wakiwa wadogo hulia karibu sawa. Kufikia utu uzima, William Frey aliyekusanya takwimu Marekani katika miaka ya 1980 alikuta wanawake wanalia mara 5 hivi kwa mwezi, wanaume mara 1 na ushei. Homoni zina sehemu yake, lakini nazo haziwezi kubebeshwa mzigo wote. Mvulana ameambiwa ajikaze kisabuni tangu akiwa na miaka mitano, akajikaza, na anapofika arobaini kilichobaki kwake ni mzaha na hasira. Mficha maradhi kilio humfichua, ila huyu tumemnyang'anya hata hicho kilio. Ana marafiki kumi wa kucheka nao na hana hata mmoja wa kulia mbele yake.

Upande wa pili nao upo. Msemo kwamba msiba wa kujitakia hauna kilio mimi siukubali, maana aliyejiumiza mwenyewe anaumia kama mwingine. Lakini kuna makosa madogo, aibu za jana, maneno tuliyoyakosea mbele za watu, ambayo tunayalilia ndani kwa ndani muda mrefu mno. Hayo yanataka kusimuliwa kwa rafiki na kuchekwa. Mara nyingi ukiyasikia yakitoka kinywani mwako, kinachobaki ni kicheko.

Mtu mmoja, vyote viwili

Anayenishawishi kuliko watafiti wote ni Viktor Frankl, daktari wa akili wa Vienna aliyepelekwa katika kambi za mateso za Wanazi, Auschwitz ikiwemo, akanusurika. Ameeleza kwamba walipokuwa wakifanya kazi ya ujenzi alikubaliana na rafiki yake kwamba kila siku watunge angalau kisa kimoja cha kuchekesha, kuhusu jambo litakalowapata baada ya kuachiwa. Kambini supu ilikuwa maji, mbaazi chache zikiwa zimezama chini ya sufuria. Wakawaza siku watakayokuwa huru, wamealikwa chakula cha heshima, na kwa mazoea wakamwomba mwenye nyumba azamishe upawa mpaka chini.

Frankl huyohuyo akaandika kwamba machozi hayakuwa na haja ya kuonewa aibu kule, maana yalishuhudia ujasiri wa mtu kukubali mateso yake. Mwenzake mmoja alipoulizwa uvimbe wake wa miguu ulivyopona, alijibu kwamba aliulia ukatoka mwilini. Kwa watu hao kicheko kilikuwa pumzi ya dakika chache, mtu apate kuinua kichwa juu ya mahali alipo. Kilio kilikuwa kukiri kwamba mahali hapo pana uchungu. Aliyecheka tu angepoteza ukweli wa hali yake, na aliyelia tu asingeamka kesho kwenda kazini.

Uchague vipi

Ukiwa na maumivu ya mwili, anza na kicheko. Mwandishi wa Marekani Norman Cousins, aliyeugua ugonjwa mkali wa viungo mwaka 1964, alieleza kwamba dakika 10 za kucheka kwa dhati zilimpa saa 2 za usingizi bila maumivu. Huo ni ushuhuda wa mtu mmoja, usiache dawa zako kwa sababu yake, lakini unaendana na yale ya endofini. Mwenye mshono mbichi wa tumbo, mbavu zilizovunjika au pumu ajihadhari, kwani kicheko kikubwa kinaweza kumuumiza au kumbana kifua.

Ukiwa umepoteza kitu kisichorudi, anza na machozi, mbele ya mtu mmoja unayemwamini. Usisubiri uwe na "nafasi nzuri".

Furaha ikikuzidi na machozi yakakutoka, yaache. Oriana Aragón, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Yale, alionyesha mwaka 2015 kwamba watu wanaolia kwa furaha huelekea kutulia mapema zaidi kutoka kwenye hisia kali.

Na kuna hali ambazo hazina cha kuchagua. Kicheko au kilio kinachokuvamia bila sababu, hasa baada ya kiharusi au pigo la kichwa, ni dalili ya ubongo inayotibika. Kutoweza kulia wala kucheka kwa wiki kadhaa kunaweza kuwa sonona, ugonjwa wa akili unaomzamisha mtu katika huzuni. Vyote viwili ni vya kumweleza daktari.

Linabaki lile gumu: aliyefiwa. Tukikaa naye hatujui tumpe kipi. Wapo wanaokuja na mizaha kumchangamsha, na wapo wanaomkazia macho kila anapotabasamu, kana kwamba amemsahau marehemu. Wanasaikolojia Dacher Keltner na George Bonanno waliwahoji watu waliofiwa na wenzi wao takriban miezi 6 kabla, wakaangalia nyuso zao walipokuwa wakimzungumzia aliyekufa. Waliocheka kwa dhati, kile kicheko cha macho, ndio waliokuwa na hasira kidogo na uhusiano mzuri zaidi na watu. Kicheko chao hakikuwa usahaulifu, kilikuwa kumbukumbu.

Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Na kicheko mpe yeye akianze. Kaa karibu, mtaje marehemu kwa jina, uliza alikuwaje, acha machozi yaje na yaende. Siku atakayosema "unajua siku moja alifanya nini?" na sauti ikaanza kumtetemeka kwa kicheko, cheka naye. Akirudi kulia katikati ya kisa hichohicho, usimkatize.